Matamasha ya Zanzibar: Mwongozo Kamili wa Kuyapanga na Kuyahudhuria

Ikifika Disemba, jamaa wa Dar, Tanga na Mombasa huanza kutuuliza sisi wa Unguja: "Busara lini mwakani?" Swali halina ubaya, ila linawakosesha mengi. Sauti za Busara ni tamasha moja la muziki katika mji wenye usiku wa taarab klabuni, maulidi ya mitaani, viwanja vya sikukuu, filamu zinazoonyeshwa nje usiku, makongamano ya Kiswahili, na huko shamba kuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Baadhi ya shughuli hizi zina mabango na tiketi. Nyingine hazina bango wala tovuti, na anayeingia huingia kwa salamu. Naamini hizi za pili ndizo zinazostahili kufungiwa safari, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuzifikia bila kumkera mtu.

Hatua ya 1: Panga kwa kalenda tatu

Zanzibar inakwenda kwa kalenda tatu kwa pamoja. Anayepanga kwa moja hupishana na shughuli, au hukuta mji umenyamaza.

Ya kwanza ni hii ya Januari hadi Disemba. Ndiyo inayofuatwa na serikali na matamasha yenye wafadhili: sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari, Sauti za Busara Februari, tamasha la filamu la ZIFF katikati ya mwaka, Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai.

Ya pili ni kalenda ya mwezi, na hii ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku kama 10 au 11. Mfungo ukiingia, taarab na ngoma husita, mikahawa mingi hufungwa mchana, na mji huamka baada ya futari na tarawehe. Kabla yake, Shaabani inapoelekea ukingoni, harusi hufuatana kila wiki, kwa sababu kila mwenye mwali anataka amalize shughuli yake kabla ya mwezi kuandama. Mfungo ukitoka inakuja Idd, na vikundi vya taarab vilivyokuwa vimepumzika hurudi jukwaani.

Sasa angalia hesabu hii. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, ikitegemea kuandama kwa mwezi. Yaani mfungo unaangukia msimu uleule ambao watu wamezoea kuuita msimu wa Busara. Kwa miaka hii usikate tiketi ya ndege kwa mazoea. Subiri waandaaji wenyewe watangaze tarehe, kisha uilinganishe na mwezi.

Ya tatu ni kalenda ya jua ya wenyeji, ambayo mwaka wake huanza Nairuzi. Wakulima na wavuvi wa zamani waliihesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na bado wapo wazee shamba wanaoweza kukwambia leo ni mwongo wa ngapi na upepo gani unafuata. Mwaka huu una siku 365 kamili, hauna mwaka mrefu, hivyo kila baada ya miaka minne husogea siku moja ukilinganisha na kalenda ya ukutani. Kwa sasa Nairuzi huangukia Julai, baada ya tarehe 20. Mwaka Kogwa unafuata hesabu hii.

Chukua daftari, piga mistari ya safu tatu, andika miezi ya mwaka unaoutaka. Safu ya kwanza weka matamasha yenye tarehe, ya pili Ramadhani, Idd mbili na Maulidi, ya tatu Nairuzi. Utaona mwenyewe wiki zipi zimejaa na zipi ziko tupu. Kazi ya nusu saa, na inakuokoa fedha nyingi.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa upepo na kwa unachokipenda

Mpenda muziki wa majukwaani aangalie msimu wa kaskazi, Januari na Februari. Joto ni kali lakini bahari imetulia na boti haisumbui. Sauti za Busara lilianza Februari 2004 na limeshikilia sharti moja ambalo linanifanya niliheshimu mpaka leo: wasanii wanapiga na kuimba laivu, hakuna kufuatisha midomo kwenye wimbo uliorekodiwa. Kwa kijana anayejifunza gitaa au ngoma, siku tatu za kusikiliza vikundi kutoka pande zote za Afrika vikipiga namna hiyo ni shule.

Machi hadi Mei ni masika. Mvua inanyesha, shughuli za wazi ni chache, bei za malazi zinashuka. Ukiwa mtu wa kusoma na kuandika, ni wakati mzuri wa kukaa Mji Mkongwe kwa utulivu, lakini usije kwa ajili ya matamasha.

Juni na Julai ndiyo miezi niipendayo kuliko yote, kwa sababu yote hukutana hapo. ZIFF, Tamasha la Nchi za Majahazi, lilianzishwa 1997 na kwa miaka mingi limekaa kati ya mwisho wa Juni na Julai, ingawa mwaka 2024 lilisogea hadi mwanzo wa Agosti na 2025 likarudi Juni. Kuna Siku ya Kiswahili. Kuna Tamasha la Utamaduni wa Mzanzibari, ambalo serikali imezoea kuliweka Julai, lenye ngoma za Unguja na Pemba. Kisha Makunduchi. Ukiwa na likizo moja tu kwa mwaka, ichukue Julai. Kumbuka tu kwamba huo ni msimu wa kusi: bahari kati ya Dar na Unguja inachafuka, na asiyezoea boti atapata shida. Panda boti ya asubuhi mapema, kaa sehemu ya chini katikati ya chombo, usipande na tumbo tupu wala lililoshiba sana, na uwe na ndimu mkononi.

Hatua ya 3: Hakikisha tarehe na saa

Bango lililosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp halitoshi. Mara nyingi ni la mwaka uliopita, limekatwa pembeni ambapo mwaka ulikuwa umeandikwa. Kwa matamasha makubwa nenda kwenye tovuti na kurasa za waandaaji wenyewe. Kwa shughuli za serikali fuatilia matangazo ya wizara inayohusika na utamaduni na ya redio za hapa. Kwa Makunduchi, njia ya uhakika ni kumpata mtu wa Makunduchi. Hata madereva wa daladala za huko wanajua siku kabla ya gazeti.

Saa nazo zinapoteza watu. Matangazo ya matamasha huandikwa kwa saa za kizungu, kwa hiyo 7:00 ya jioni ni saa moja usiku. Matangazo ya mtaani husema "baada ya Magharibi" au "baada ya Isha". Isha hapa huingia kwenye saa moja na nusu na kitu, hivyo shughuli ya baada ya Isha ihesabu kuanza saa mbili na nusu, na kuchanganya kwenyewe kufike saa tatu na nusu au nne. Tamasha la filamu hushika saa zaidi. Harusi hushika kidogo.

Hatua ya 4: Tiketi, boti, malazi

Matamasha makubwa huwa na bei tofauti kwa Watanzania na kwa wageni wa nje, na tofauti si ndogo. Njoo na kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu mlangoni watakuuliza, na usikubali kununuliwa tiketi na papasi, yaani dalali wa mitaani anayewafuata wageni, anayekwambia anakupunguzia. Nunua kwa waandaaji au kwenye dirisha lao.

Boti za mwendo kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili, na kitambulisho kinahitajika wakati wa kukata tiketi. Wageni wa kutoka nje ya nchi waulize kuhusu bima ya safari ya Zanzibar, ambayo ilianza kudaiwa tarehe 1 Oktoba 2024, wajue kama inawahusu kabla hawajafika uwanja wa ndege.

Malazi: wiki ya tamasha, vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema na bei hupanda. Tafuta Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, upande wa Michenzani, Kikwajuni au Kilimani. Unaweza kutembea kwa miguu kufika Ngome Kongwe, ukumbi wa matamasha, unalala kwa bei ya watu wa kawaida, asubuhi unakunywa chai na chapati mtaani, jioni una urojo wa Michenzani. Nawashauri hivi hata wenye uwezo, kwa sababu taarifa za harusi, maulidi na mazoezi ya taarab husikika Ng'ambo, na katika hoteli za vichochoroni hazifiki.

Jambo moja la kupanga mapema: boti za abiria za mwendo kasi huisha mchana au jioni, na shughuli za hapa ni za usiku. Hesabu usiku mmoja zaidi ya ulivyodhani.

Hatua ya 5: Usiku ndani ya Ngome Kongwe

Ngome hii ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, mwisho wa karne ya 17, na leo ndiyo ukumbi mkuu wa sanaa wa mji. Ipo mkabala na bustani ya Forodhani. Ndani kuna ua wenye nyasi na, ukipita zaidi, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia zilizopangwa nusu duara. Ngazi hizo ni ngumu na usiku wa Julai zinapoa. Njoo na kanga au kikoi cha kukalia, na kingine cha kujifunika.

Wakati wa Busara, fika mapema uone maandamano ya ufunguzi, ambayo miaka mingi yametoka upande wa Michenzani kuelekea Forodhani yakiongozwa na beni, bendi ya matarumbeta na ngoma. Haya hayana tiketi. Watoto hutangulia mbele, nyuma yao matarumbeta, nyuma zaidi ngoma za vikundi kutoka shamba. Ukitaka kupiga picha nzuri, simama Darajani kabla hawajafika. Ukijitumbukiza katikati hutaona kitu, ingawa utacheza, na kucheza pia ni sababu nzuri ya kwenda.

Ndani ya ngome, usikae jukwaa moja usiku kucha. Pata ratiba, weka alama kwenye vikundi viwili vya Zanzibar na viwili usivyovijua kabisa, na hivyo uvione tangu mwanzo mpaka mwisho. Wageni wengi husubiri jina kubwa la mwisho wa usiku, na wakati huo kidumbak kinapigwa saa moja na nusu kwa watu wachache. Kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab: fidla, ngoma mbili ndogo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi. Mpigaji huvuta na kulegeza uzi kwa mti aliousimamisha juu ya sanduku, na kwa mvuto huo noti inapanda na kushuka. Sogea mbele umwangalie mikono. Ni fundi, na wanaojua kazi hii wanapungua.

Kwa ZIFF, chagua filamu za wenyeji na za Afrika Mashariki kwanza. Filamu nyingi za nje huwa na maandishi ya Kiingereza chini, na zile kubwa utazikuta kwingine baadaye. Filamu fupi ya kijana wa Pemba huenda usiione tena. Tuzo kuu inaitwa Jahazi la Dhahabu, na usiku wa tuzo hujaa, kwa hiyo asiyekuwa na kiti saa moja kabla atasimama.

Jengo la jirani, Beit el Ajaib, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020. Usilipangie ziara bila kuuliza kwanza hali yake.

Hatua ya 6: Kuisikiliza taarab nyumbani kwake

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako. Taarab ya majukwaa ya matamasha ni nzuri, lakini imekatwa iingie dakika arubaini na tano. Klabuni wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, na hakuna anayeangalia saa.

Klabu mbili za kuzijua ni Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa 1905 na yenye makao Malindi, na Culture Musical Club, iliyoasisiwa 1958 na yenye makao Vuga. Zote zimewahi kuwa na mazoezi ya jioni ambayo msikilizaji mwenye adabu hupokewa. Siku hubadilika, kwa hiyo pita mchana uulize. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kinachofundisha tangu 2002, nacho huandaa maonyesho ya wanafunzi na walimu, na ratiba yake ni rahisi kuipata.

Ukifika klabuni, usichungulie dirishani na simu mkononi. Piga hodi, amkia, na useme moja kwa moja: "Asalaam alaykum, maalim. Mimi mgeni, napenda taarab asilia. Naweza kukaa nisikilize mazoezi?" Utaonyeshwa benchi. Kaa nyuma ya wapigaji au pembeni, usizungumze wakati wa bashrafu, ile ya vyombo vitupu inayofungua. Angalia qanuni inavyotiwa sauti: nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji anazipitia tatu tatu kwa ufunguo mdogo, sikio limeinama, wakati wenzake wanasubiri bila kunung'unika. Kisha udi, fidla, nai, akordioni, dumbak na riqqa vinamfuata yeye. Ukishaona hilo, utasikia tofauti kila mara utakapoisikiliza taarab baadaye.

Kwenye onyesho lenyewe kuna kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha. Ubeti ukikugusa, unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza, polepole, noti umeishika juu ionekane, unamkabidhi mwimbaji au unaiweka mbele yake, unarudi kwa mwendo uleule. Haraka haifai. Na jua kwamba ukumbi wote unakuangalia umeinukia ubeti gani. Bi mmoja akiinuka kwenye ubeti wa mwenye wivu, akapita mbele ya meza fulani kabla ya kufika jukwaani, waliomo wanaelewa ujumbe umeelekezwa wapi. Mgeni atunze ubeti wa mapenzi au wa sifa na aepuke ya mafumbo, asije akaingia ugomvi wa watu bila kujua. Noti ndogo inatosha. Kinachohesabika ni kuinuka.

Taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, ina kumbi zake na watu wake, inachangamka zaidi na inaanza usiku mkubwa. Sina neno nayo. Ila klabu za asilia zinaishi kwa wasikilizaji wachache na wazee wasiolipwa inavyostahili, katika mji uliompa jina Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Kama klabu ina kisanduku cha michango, tia. Kama inauza rekodi zake, nunua pale pale. Fedha uliyotenga kwa zawadi za vinyago, gawa nusu uipeleke huko.

Shughuli za wanawake peke yao, kama ngoma za unyago na sehemu za harusi, mwanamume haingii, na mwanamke mgeni huingia akialikwa. Akialikwa aende, avae vizuri, na simu ibaki mkobani. Wanawake wanavua mabuibui humo wakiwa na imani na waliomo, na picha moja iliyotoka inaweza kuvunja nyumba.

Hatua ya 7: Vitabu na lugha

Zanzibar haina tamasha la vitabu lenye sauti kubwa kama la muziki, jambo ambalo linanisikitisha, kwa kuwa ni mji wa akina Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed wa Pemba, na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa 1948 na kupata Nobel mwaka 2021. Shughuli za fasihi zipo, ila zimekaa kwenye taasisi. Zinazofaa kufuatiliwa ni Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa.

Wiki ya tarehe 7 Julai, siku iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2021, ndiyo yenye mambo: makongamano, mashairi, maonyesho ya vitabu. Makongamano mengi hukaribisha watu wa nje kwa kujiandikisha. Ukiwa mwandishi, beba nakala za kitabu chako na uziweke bei ambayo mwanafunzi ataimudu. Ukiwa msomaji, kaa kwenye mapumziko ya chai, maana huko ndiko washairi wanakojibizana kwa beti zisizoandikwa kwenye ratiba. Sikiliza pia lahaja. Mmakunduchi na Mpemba wakisoma shairi kwa Kiswahili cha kwao, utapata maneno ambayo darasa halikukupa, na ukiuliza kwa adabu utaelezwa.

Vitabu vya Kiswahili vya zamani viulize kwenye maduka ya vitabu ya Darajani na kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Ukikikuta usichokitarajia, kinunue siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa

Hii ni shughuli ya kijiji, na mji mzima huifuata. Daladala za Makunduchi ni namba 310, safari ya kama saa moja na nusu. Siku hiyo zinajaa tangu asubuhi, kwa hiyo ondoka mapema au nendeni watu kadhaa mkodi gari. Afadhali zaidi ulale huko usiku wa kuamkia.

Alfajiri watu huenda baharini kuoga, waache uchafu wa mwaka unaotoka. Baadaye wanaume wa pande mbili za mji wa Makunduchi hukutana kiwanjani na mabua ya migomba, na wanatandikana kwelikweli. Kinyongo kilichokaa mwaka mzima kinatolewa hapo, na wazee wakisema basi, ni basi. Mabua yanavunjika mgongoni, vumbi linatimka, watu wanacheka, na aliyechapwa sana, siku moja kabla alikuwa anakopa mashua kwa huyo aliyemchapa. Mtazamaji asimame nyuma ya kina mama, si mbele. Mpaka wa kiwanja hauna kamba, unasogea kila kundi linaposukumana.

Wanawake huzunguka kiwanja wakiimba, wamevaa nguo zao mpya kabisa, na nyimbo zao zina maneno makali ya kuwatania wanaume. Tega sikio kwenye maneno. Wageni wengi hutazama mapigano wakayakosa haya, ambayo kwa mpenda ushairi ndiyo hazina ya siku nzima.

Kisha kinakuja kibanda cha makuti. Mzee huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka upande wa pili huku watu wakipiga kelele. Wazee hutazama moshi umeelekea wapi. Usisogee kwa ajili ya picha: makuti makavu hulipuka mara moja na cheche huruka na kusi.

Baada ya hapo ni chakula. Wenyeji huhesabu ni kheri kupata mgeni siku hiyo, kwa hiyo ukiitwa "karibu ndani" usikatae kwa haya. Vua viatu mlangoni, amkia wakubwa kwa shikamoo, kula ulichopewa, na ukitoka acha kitu kwa watoto au uje na sukari na mchele kutoka mjini umkabidhi mama wa nyumba kimyakimya. Shughuli huendelea siku kadhaa, na usiku kuna ngoma na disko la vijana. Asubuhi ya pili, waliobaki ni wenyeji, na hapo ndipo mzee ana nafasi ya kukaa barazani akakueleza hesabu ya miongo.

Hatua ya 9: Maulidi na sikukuu

Maulidi husomwa zaidi katika Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Mwaka 2026 tarehe 12 ya mwezi huo inatarajiwa kuwa karibu na 25 Agosti, na 2027 karibu na katikati ya Agosti. Mabaraza na misikiti husoma kwa zamu, na mwezi mzima unaweza kupata ya kuhudhuria. Maulidi ya Homu ya Mtendeni ndiyo ya kuitafuta: vijana na wazee wamepanga safu, wanapiga matari, wanainama na kuinuka kwa pamoja, mkono na kiwiliwili vinakwenda na sauti. Hii ni ibada. Mwanamume avae kanzu na kofia, mwanamke ajisitiri na akae upande wa wanawake, na asiye Mwislamu atazame kwa kimya na heshima bila kupiga picha mpaka aruhusiwe.

Idd ni ya watoto. Jioni nenda viwanja vya Mnazi Mmoja uone nguo mpya, bembea, pipi na vibanda vya michezo. Kisha uliza taarab inapigwa wapi usiku huo. Usiku wa Idd karibu haukosi.

Hatua ya 10: Kabla hujaondoka

Waombe watu watatu namba zao: mmoja wa klabu ya taarab, mmoja wa Makunduchi, na mwenye nyumba uliyolala. Wasalimie kwenye Idd, na mwezi mmoja kabla ya safari ijayo waulize yaliyopangwa. Ukiwa umerekodi mazoezi kwa ruhusa, watumie nakala, na usiyapandishe mtandaoni bila wao kukubali kwa maneno. Na ukiwa na jamaa Muscat, London au Toronto wanaoiulizia Zanzibar kila siku, wape ile ratiba ya safu tatu kabla hawajakata tiketi, waanze kwa kuangalia mfungo unaanza lini.